Ufundi wa Tandiko la Kauboi: Elimu Ipitayo Mikononi

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki farasi ni mnyama adimu. Sababu mojawapo kubwa ni mbung'o, ambaye hueneza ugonjwa wa nagana, na ugonjwa huo humdhuru farasi vibaya sana. Kwa hiyo wanafunzi wengi wamemwona farasi aliyetandikwa katika sinema tu, akiwa amepandwa na kauboi wa Marekani. Katika sinema macho huvutwa na kofia na bastola. Tandiko lenyewe halitazamwi. Hata hivyo, tandiko hilo ni chombo kinachostahili kuchunguzwa na kila anayejifunza sayansi, kwa sababu ndani yake zimekutana elimuviumbe, fizikia na kemia.

Kwa mwalimu liko jambo jingine. Vitabu juu ya utengenezaji wa matandiko vipo, na baadhi yake ni vizuri sana. Mtaalamu mmoja wa kazi za ngozi, Al Stohlman, aliacha kamusi elezo ya ufundi huu yenye majuzuu matatu na michoro mingi. Licha ya hayo, mafundi wenyewe husisitiza kwamba mwanafunzi anapaswa kukaa karakanani karibu na fundi bingwa. Ni kitu gani basi anachokipata hapo ambacho ukurasa hauwezi kumpa? Swali hili linahusu kila ufundi na kila maabara ya shule.

ASILI YA TANDIKO HILI

Tandiko la Magharibi ya Marekani lina asili yake Mexico. Hernán Cortés alipotua katika nchi hiyo mwaka 1519 alikuwa na farasi 16. Wahispania walitumia matandiko ya kivita yenye kingo ndefu mbele na nyuma, ili mpandaji asitupwe chini katika mapambano. Baadaye ufugaji wa ng'ombe ulipoenea, wachungaji wapanda farasi, walioitwa vaquero, walihitaji chombo cha kazi nyingine kabisa. Wao walikamata ng'ombe kwa kamba yenye kitanzi, na walitaka mahali pa kuizuia kamba hiyo. Ukingo wa mbele ukabadilishwa, na juu yake ikasimamishwa pembe fupi imara.

Ufundi huo ulienea hadi Texas na California, ambazo zilikuwa sehemu za Mexico, ya kwanza hadi mwaka 1836 na ya pili hadi mwaka 1848. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1861 na 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas. Safari hizo zilichukua miezi, na wachungaji walikaa juu ya farasi tangu alfajiri hadi jioni. Mahitaji ya matandiko yaliongezeka, na karakana mashuhuri zikaanzishwa katika miji kama vile Cheyenne katika Wyoming, Visalia katika California na, baadaye kidogo, Pendleton katika Oregon.

VIUNGO VYA TANDIKO NA KAZI ZAKE

Tandiko kamili la kazi huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 hivi. Moyo wake ni kiunzi, ambacho hakionekani kazi ikishamalizika. Kiunzi cha jadi huundwa kwa mbao laini zilizo nyepesi na zinazoshika misumari vizuri. Kina sehemu nne kuu: mbao mbili ndefu zinazolala ubavuni mwa uti wa mgongo, moja kila upande, daraja la mbele linaloziunganisha juu ya mabega ya farasi, na kiegemeo cha nyuma kinachoziunganisha nyuma ya mpandaji. Pembe ya kuzuilia kamba husimama juu ya daraja.

Juu ya kiunzi hujengwa kikalio. Chini hutandazwa mapande makubwa ya ngozi, na upande unaomgusa farasi hushonewa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Pembeni huning'inia mikanda minene ya kushikilia vikuku, ambavyo mpandaji huingiza miguu yake. Mwisho kuna mishipi inayopita chini ya tumbo la farasi na kulishika tandiko mahali pake.

MGONGO WA FARASI NDIO MWAMUZI

Mbao zile mbili za ubavuni zina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuusambaza uzito. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Chukua mfano wa mpandaji mwenye kilo 75 na tandiko lenye kilo 17. Jumla ni kilo 92, yaani uzito wa newtoni 920 hivi. Ikiwa mbao zinagusa mgongo kwa eneo la sentimeta za mraba 1,000, ambazo ni sehemu ya kumi ya meta ya mraba, kanieneo ya wastani ni newtoni 9,200 kwa meta ya mraba. Sasa chukua kwamba mbao zimenyooka mno na mgongo una bonde, hata zikagusa kwenye ncha zake tu kwa robo ya eneo lile. Uzito haukubadilika, lakini kanieneo imepanda hadi newtoni 36,800 kwa meta ya mraba.

Kanieneo kubwa ikiendelea kwa muda mrefu huibana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi ya mnyama. Damu haipiti vizuri, misuli huuma, na hatimaye kidonda hutokea. Kidonda kikipona, mara nyingi nywele nyeupe huota mahali pale, kwa sababu chembehai zinazotoa rangi ya nywele zimeharibika. Alama hizo hubaki maisha yote, na mtu mwenye ujuzi akimtazama farasi huweza kuzisoma kama cheti cha kazi ya fundi.

Tatizo la fundi ni kwamba mgongo wa farasi si ubao bapa. Mbao za kiunzi lazima zichongwe zikiwa na mwinamo mmoja mabegani na mwinamo mwingine kiunoni, zijipinde kidogo kama rungwa la kiti cha kubembea, na ncha zake ziinuke zisichome. Zaidi ya hayo, farasi hutembea, na mgongo wake hubadilika umbo kila hatua. Kwa hiyo kiunzi kinachobana kabisa kila mahali farasi akiwa amesimama huenda kikamwumiza akianza kukimbia. Fundi anapaswa kukadiria nafasi ya kuachia, na kadirio hilo hulipata kwa kupapasa migongo mingi.

PEMBE, KAMBA NA MISHIPI

Ng'ombe aliyenaswa kwa kamba huleta mtihani wa pili. Ikiwa ndama mwenye kilo 200 anakimbia kwa kasi ya meta 6 kwa sekunde, nishati yake ya mwendo ni nusu ya 200 mara 36, yaani jouli 3,600. Akisimamishwa katika umbali wa meta 1, kani ya wastani juu ya pembe ya tandiko ni newtoni 3,600. Akisimamishwa pole pole katika umbali wa meta 3, kani hiyo hushuka hadi newtoni 1,200.

Hesabu hii inaeleza tofauti ya mila mbili. Katika California mchungaji alitumia kamba ndefu ya ngozi iliyosukwa. Alipomnasa ng'ombe aliizungusha kamba mara chache kwenye pembe, akaiachia iteleze kidogo huku msuguano ukila nishati. Kani ilikuwa ndogo, na mshipi mmoja chini ya katikati ya tandiko ulitosha. Katika Texas, kamba fupi zaidi ilifungwa moja kwa moja kwenye pembe. Mshtuko ulikuwa mkubwa, na kwa kuwa pembe iko juu ya mgongo, kani hiyo ilielekea kulipindua tandiko kwa kuliinua nyuma. Ndiyo sababu mafundi wa Texas waliweka mishipi miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wale wa pande zote mbili hawakuandika milinganyo yoyote. Walirekebisha kazi zao kwa kutazama yaliyorudi karakanani yakiwa yamevunjika.

NGOZI MBICHI NA NGOZI ILIYOTIWA TANINI

Tandiko hutumia ngozi za aina mbili, na kila moja ina kemia yake. Kiunzi cha mbao hufunikwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, yaani ngozi iliyoondolewa nywele na nyama lakini haikutiwa dawa ya kuilainisha. Hushonwa ikiwa imelowa, kisha huachwa ikauke taratibu. Ngozi ni mfumo wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Maji yanapotoka, nyuzi hizo husogeleana, ngozi husinyaa na kuibana mbao kwa nguvu sana kila upande. Mpiga ngoma anaijua tabia hii vizuri, maana ngozi iwambwayo ikiwa mbichi hukaza inapokauka, nayo hulegea siku za unyevu. Kwa sababu hiyo kiunzi kilichokwisha kukauka hupakwa vanishi ili maji yasirudi. Kikikaushwa haraka mno juani, upande mmoja hutangulia kusinyaa na mbao hupinda.

Sehemu nyingine hutumia ngozi nene iliyotiwa tanini, yenye unene wa milimeta 5 hadi 6. Tanini hupatikana katika magome ya miti. Mojawapo ya miti hiyo ni muwati, ambao asili yake ni Australia na ambao ulianza kulimwa katika mashamba makubwa ya Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake. Molekuli za tanini hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni, zikazizuia zisioze na zisigandamane zinapokauka. Ngozi ya aina hii ina sifa ambayo fundi wa tandiko anaihitaji sana: ikilowanishwa hunyumbulika na kufuata umbo lolote, na ikikauka hulihifadhi umbo hilo. Kwa njia hiyo kipande kimoja bapa huvutwa juu ya daraja lenye uvimbe na kukaa bila mkunjo.

MWANAGENZI KARAKANANI

Mwanagenzi hapewi kiunzi siku ya kwanza. Kwa kawaida huanza kwa kufagia, kunoa visu na kushona. Kunoa ni somo zito, kwa kuwa kisu cha fundi wa ngozi chenye umbo la mwezi mchanga kikiwa butu huhitaji kusukumwa kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu hupoteza njia. Kushona nako kuna kanuni yake. Fundi hutoboa kwa msharasi, kisha hupitisha nyuzi mbili, zilizokuwa za kitani zilizopakwa nta, kila moja ikitoka upande wake katika tundu lile lile. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unaendelea kushika. Mshono wa cherehani ni mwepesi zaidi kufumuka, kwa sababu nyuzi zake hukutana kwa kunasana tu katikati ya ngozi.

Hatua inayofuata ni kutengeneza matandiko yaliyochakaa. Hii ni shule kubwa. Mwanagenzi hufumua kazi ya fundi asiyemjua, pengine aliyekwisha kufa, akaona mahali alipopunguza unene, alipoongeza msumari, na mahali hesabu yake ilipomdanganya. Tandiko lililofumuliwa halifichi siri.

Baadaye sana ndipo hufikia kikalio cha ndani, ambacho mafundi wengi hukihesabu kuwa sehemu ngumu kuliko zote. Hujengwa kwa tabaka za ngozi zilizopunguzwa kingo, zikagandishwa na kupigiliwa, kisha zikachongwa kwa tupa na kisu. Umbo lake ndilo linaloamua mpandaji atakaa wapi. Bonde la kikalio likiwa nyuma mno, miguu yake hutangulia mbele na uzito wake wote huangukia kiuno cha farasi. Fundi bingwa hulikagua kwa kupitisha kiganja, mara nyingi bila kutazama. Humwambia mwanagenzi apitishe kiganja chake mahali hapo hapo, halafu hupunguza kidogo, na kumwambia ajaribu tena. Somo lote limo katika tofauti kati ya mpapaso wa kwanza na wa pili. Tofauti hiyo ni ya milimeta moja au mbili, na hakuna mchoro unaoweza kuihisi kwa niaba yake.

Mfano mwingine ni nakshi. Kabla ya kuchora maua, ngozi hulowanishwa na kuachwa hadi ifikie unyevu unaofaa. Ikiwa na maji mengi, mchoro hujaa na kufifia. Ikiwa kavu, kisu hukwama. Mafundi hungoja rangi ya ngozi ianze kurudia ile ya awali, kisha huiweka ngozi shavuni. Ikiwa bado ni ya ubaridi, iko tayari. Sayansi hueleza sababu: maji yanayogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye ngozi, na ubaridi ni dalili kwamba maji bado yamo ndani ijapokuwa uso unaonekana umekauka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamwambii mwanafunzi ni ubaridi wa kiasi gani. Hilo huonyeshwa na mtu aliye kando yake.

MABINGWA NA URITHI WAO

Katika karakana kubwa za zamani kazi iligawanywa: mmoja alikata, mwingine alishona, mwingine alitia nakshi. Kijana aliweza kuona hatua zote kwa siku moja. Mfano mzuri ni Pendleton. Huko kampuni ya Hamley, iliyofika mjini humo mwaka 1905, ililea mafundi wengi. Miongoni mwao alikuwamo Duff Severe, ambaye baadaye alifungua karakana yake pamoja na ndugu yake Bill. Mwaka 1982 Duff Severe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya taifa ya Marekani kwa walinzi wa sanaa za jadi.

Katika mji wa Sheridan, Wyoming, Don King alikuwa hodari wa kutia nakshi kabla hajawa mtengenezaji wa matandiko. Ufundi wa kuunda tandiko alijifunza kwa fundi Rudy Mudra. Yeye naye aliendeleza mtindo wa mawaridi madogo ya mwituni yaliyosongamana katika mizunguko, ambao leo hujulikana kwa jina la mji huo. Alipewa tuzo hiyo hiyo mwaka 1991. Mwaka 2008 ilimfikia Dale Harwood wa Idaho, mtengenezaji mwingine wa matandiko.

Tuzo hizi zilitolewa wakati urithi wenyewe ulikuwa mashakani. Magari yalipunguza kazi ya farasi, na viwanda vilianza kutoa matandiko ya bei ndogo kwa viunzi vya plastiki na nyuzi za kioo. Karakana kubwa zilipofungwa au kupungua, mafundi walibaki mmoja mmoja, kila mtu na banda lake. Fundi wa namna hiyo akifariki bila mwanafunzi, visu vyake huuzwa na ujuzi wake huzikwa. Kwa kulitambua hilo, mwaka 1998 baadhi ya mabingwa waliunda Chama cha Sanaa za Jadi za Makauboi, ambacho hukutanisha watengenezaji wa matandiko, wafua lijamu, wafua fedha na wasuka ngozi. Pamoja na kufanya maonyesho katika jumba la makumbusho la Oklahoma City, chama hicho huwasaidia vijana kwenda kukaa na kujifunza kwa mabingwa.

Michael Polanyi, aliyekuwa mwanakemia kabla hajageukia falsafa, alitetea katika kitabu chake cha mwaka 1958 wazo kwamba hata mwanasayansi hutegemea ujuzi mwingi asioweza kuueleza kwa maneno. Mtazamo huo unafaa sana hapa. Kusoma darubini, kusikia injini inayokosea mpigo na kutambua rangi ya mwisho wa titresheni ni mambo yanayofundishwa kwa mtu mmoja kukaa kando ya mwingine. Vivyo hivyo mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki wameunda vyombo vya baharini kwa vizazi vingi bila ramani za karatasi.

JARIBIO KWA DARASA

Walimu wanaweza kuonyesha kemia ya ngozi kwa gharama ndogo. Kata ukanda mmoja wa ngozi mbichi iliyokauka, ambayo hupatikana kwa watengenezaji wa ngoma, na ukanda mwingine wa ngozi iliyotiwa tanini, unaoweza kupatikana kwa fundi viatu. Kila mmoja uwe na urefu wa sentimeta 20 na upana wa sentimeta 2. Viloweke katika maji kwa usiku mmoja, kisha upime urefu na unene. Zungusha kila ukanda kwenye chupa, uufunge kwa uzi, na uache vyote vikauke kivulini kwa siku tatu. Wanafunzi waandike: ni ukanda upi uliosinyaa zaidi? Upi umekuwa mgumu kama ubao? Upi umehifadhi umbo la chupa na bado hukunjika bila kupasuka? Majibu yao wayaeleze kwa kutumia habari za kolajeni na tanini.

Shule zilizo karibu na wafugaji wa punda zinaweza kuendelea zaidi, kwa kuchunguza mahali shehena inapogusa mgongo wa mnyama na kupima eneo lake. Kanuni ya kanieneo haichagui kati ya farasi wa Wyoming na punda wa Dodoma au Lamu. Kilemba cha magunia kinachoacha uti wa mgongo wazi na kuusambaza mzigo pande zote mbili hufanya kazi ile ile ya mbao mbili za kiunzi.

Ufundi wa tandiko waonyesha basi kwamba sayansi na mkono havina ugomvi. Sayansi hueleza kwa nini ngozi husinyaa na kwa nini mgongo hupata kidonda. Mkono uliofunzwa hujua ni wakati gani na kwa kiasi gani. Elimu ya kwanza huweza kusubiri kitabuni miaka mia bila kuharibika. Ya pili hukaa ndani ya mtu, na muda wa kuipokea ni ule ambao mtu huyo angali hai na yuko tayari kumwonyesha mwingine. Wanafunzi walio na fundi bingwa katika mtaa au kijiji chao, awe wa ngozi, wa mbao au wa chuma, wangefanya vyema kwenda kumtazama kazini, na kumwomba ruhusa ya kushika kisu.